Mchanga wa tangi la maji chumvi: kuunyonya au kutougusa?

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 45. Ukiweka mchanga wa kina cha sentimita 3, hiyo ni lita 16, kama kilo 24 hivi. Ukiweka sentimita 12, ni lita 65, karibu kilo 100. Vyote viwili huitwa mchanga wa tangi, na ubishi wa wafugaji wa samaki wa baharini unaanzia hapo. Mmoja anasema unyonye uchafu wa mchanga kwa bomba kila wiki. Mwenzake anaapa kwamba ukiugusa tu samaki watakufa. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana mchanga wake kichwani.

Wasiougusa wana hoja nzito. Miaka ya 1980 mwanabiolojia wa bahari Jean Jaubert, aliyefanya kazi Monaco, alitumia tabaka nene la mchanga lililoachiwa nafasi ya maji chini yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanabiolojia mwenzake Ronald Shimek akaeneza Marekani mchanga wa kina kirefu usio na nafasi hiyo. Juu, penye oksijeni, bakteria hugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti. Chini oksijeni inakwisha, na bakteria wengine huvuta oksijeni iliyomo kwenye naitreti yenyewe. Inabaki gesi ya naitrojeni, inapanda juu kama viputo na kwenda zake. Chujio hilo halitumii umeme. Linataka tu kina cha sentimita 10 hadi 15, punje ndogo zisizozidi milimita 1, na viumbe wa kuufukua mchanga taratibu: minyoo, na konokono wa jenasi ya Nassarius.

Udhaifu wake uko kwa hao viumbe. Wakipungua, mchanga unaziba, na mahali pengine chokaa inaushikamanisha kama zege. Halafu mtu anaona taka juu, ananunua kiti cha pweza wa mchangani (Astropecten) ausafishe. Huyo hali taka; anakula minyoo ile ile inayoliendesha chujio, na ikiisha anakufa kwa njaa. Jongoo bahari ni afadhali, ila funika midomo ya pampu kwa sponji: akisagwa humo, sumu yake inaweza kuua samaki wote.

Kuna pia fosfeti, mbolea ya mwani itokayo kwenye chakula cha samaki, ambayo wengi huisahau. Mchanga wa chokaa huishika kwenye punje zake. Mwenye tangi anaweka dawa ya kuiondoa, kipimo kinashuka, baada ya siku chache kimerudi pale pale. Dawa haina kosa: mchanga unarudisha majini ulichokiweka akiba kwa miaka. Naitreti inaweza kutoka kama gesi. Fosfeti haina mlango huo.

Ndiyo maana kwa tangi la kawaida la nyumbani naegemea upande wa kunyonya, kwa mchanga wa sentimita 2 hadi 4 wenye punje za milimita 1 hadi 2. Zima pampu. Gawa sakafu mafungu manne, unyonye fungu moja kila wiki pamoja na asilimia 10 ya maji. Chomeka bomba pana la kunyonyea hadi kioo cha chini; mchanga unapopanda kufika nusu ya bomba, bana mpira kwa vidole. Punje zinaanguka, uchafu wa kahawia unabaki unaelea, achia, utoke. Mawe yakae juu ya kioo tangu mwanzo, mchanga umwagwe baadaye, maana samaki wachimbaji wakifukua chini ya jiwe litaporomoka.

Ila usijaribu hivyo kwenye mchanga mnene uliokaa mwaka mzima bila kuguswa. Madoa meusi yanayoonekana kupitia kioo yana salfaidi, yenye harufu ya mayai viza. Yakiachwa kwa kawaida hayadhuru, kwa sababu gesi huungana na oksijeni kabla ya kufika juu. Ukiyapindua kwa mkupuo, samaki wataanza kutwetea juu ya maji. Hapo ongeza hewa, weka kaboni ya kuchujia maji, badili theluthi moja ya maji.

Kina kibaya kuliko vyote ni cha katikati, sentimita 6 hadi 8: mara nyingi hakitoshi kuondoa naitreti vizuri, na kinatosha kuficha taka. Anayetaka kukipunguza atoe ukanda wa upana wa kiganja kwa mpira wa milimita 16, asubiri wiki mbili, apime amonia, ndipo atoe mwingine.

Kwa anayeanza upya huku pwani ya Kenya, mchanga wa matumbawe unautambua kwa siki: kijiko kimoja cha mchanga mkavu, matone machache, unatoa povu. Ule unaoletwa na mto, kama wa karibu na mdomo wa mto Sabaki, una punje nyingi za kwatzi zisizotoa povu, na vumbi lake la udongo litachafua maji kwa siku kadhaa hata ukiuosha ndoo kumi. Na usichote ndani ya hifadhi ya bahari kama Watamu, ni kosa.