Vilabu vya magari ya zamani vifunguliane stoo

Land Rover ya marehemu baba, Series IIA ya mwaka 1965, ililala uani miezi saba kwa sababu ya brashi mbili za dainamo. Brashi yenyewe ni kipande cha kaboni kisichozidi ncha ya kidole gumba, chenye mkia wa waya wa shaba. Hukaa ndani ya dainamo ikisugua shaba inayozunguka, na ikiisha, betri haipati chaji. Nilizunguka Kirinyaga Road hapa Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, duka baada ya duka. Kijana mmoja aliniuzia brashi za gari jingine kabisa na kunishauri nizisugue kwa msasa hadi ziingie. Zilidumu wiki mbili. Nikaulizia Uingereza, nikaambiwa nauli ya kifurushi inazidi bei ya brashi mara kadhaa.

Mwishowe nilizipata Buruburu, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, kwa mzee mwenye Morris Minor. Alizihifadhi kwenye mkebe wa maziwa ya unga, jozi kumi na moja, kila jozi imefungwa kwa karatasi ya gazeti. Dainamo yangu ni Lucas, na yake ni Lucas ya aina ile ile. Nilipomweleza nimezisaka kwa muda gani, alisikitika kweli. "Wewe uko na watu wa Land Rover," akasema, "sisi tuko na wetu. Nani angekuambia?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Nairobi tuna vilabu na makundi ya magari ya zamani mengi kuliko watu wanavyodhani: wa Volkswagen, wa Land Rover, wa Peugeot, wa Mercedes, wa pikipiki za zamani. Kila kundi lina WhatsApp yake, fulana zake na Jumapili yake ya kutoka. Tukipishana barabarani tunapigiana honi kwa furaha, kisha kila mtu anarudi nyumbani na shida yake. Ukifungua boneti, hata hivyo, mipaka hiyo huioni. Kabureta za Solex, zile zinazochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, utazikuta kwenye Volkswagen Beetle, kwenye Peugeot 404 na kwenye Land Rover nyingi za miaka ile. Namba za modeli hazifanani, lakini jinsi ya kuifungua, kusafisha jeti, kupima kimo cha boya na kubadilisha kiwambo cha pampu ni kazi ya mkono mmoja. Fundi aliyeizoea moja hapotei kwenye nyingine.

Na hao mafundi ndio wanaoniogofya zaidi ya vipuri. Aliyekuwa akihudumia Land Rover ya baba amezeeka, amerudi shambani. Mwaka jana nilimwita kijana hodari wa mtaani, anayesoma kompyuta za magari mapya bila shida yoyote. Alikuja kubadilisha betri. Sasa, magari mengi ya Uingereza ya miaka ile yalifungwa kinyume na ya leo: waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Kijana alifunga kama alivyofundishwa, hasi kwenye bodi. Ilitoka cheche, kisha moshi mwembamba chini ya dashibodi, na redio ambayo baba alisikilizia mpira kila Jumamosi ikafa hapo hapo. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai sikujua. Yule mzee wa Morris angejua. Gari lake nalo limefungwa vivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema ushirikiano wetu usiishie kwenye misafara na picha. Kitu cha kwanza ninachotaka ni orodha moja ya vipuri kwa vilabu vyote, inayosema nani ana nini na yuko tayari kukitoa kwa masharti gani. Cha pili ni vijana. Klabu yenye wanachama ishirini haiwezi kumlipa mwanagenzi posho ya mwaka mzima. Vilabu vinne vikichanga, vinaweza kuwaweka vijana wawili chini ya mafundi wazee waliobaki, wiki hii kwenye Beetle, wiki ijayo kwenye Peugeot.

Kwamba klabu moja inaweza kuwafungulia wengine mlango, tumeshaliona hapa hapa. Mashindano ya unadhifu wa magari ya Concours d'Elegance yalianzishwa Nairobi mwaka 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo. Wangeweza kuyafanya ya Alfa peke yake. Badala yake, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong hujaa magari ya kila chapa, na pikipiki pia, na waamuzi huchungulia hadi chini ya gari. Nimeona mtu amelala chali kwenye nyasi akisugua sumpu kwa mswaki. Siku hiyo tunakuwa jamii moja, na inapendeza sana. Tatizo langu ni siku nyingine zote za mwaka.

Kuna hasara nyingine ya kutengana, nayo ni kwamba hatuna sauti. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya mwishoni mwa 2005, baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kukubaliana hivyo Dakar mwaka 2001. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu risasi huharibu ubongo wa watoto, na hakuna gari lenye thamani ya kulinganishwa na hilo. Lakini kwenye injini nyingi za zamani risasi ile ilikuwa na kazi ya pili: ilikinga viti vya vali, yaani pale vali zinapokaa zikijifunga. Bila hiyo, kichwa cha injini cha chuma cha kawaida huanza kulika na vali kuzama kidogo kidogo hadi nguvu inapotea. Dawa ipo. Unapeleka kichwa kwa mchongaji akutilie viti vigumu, au unatumia kiongezo cha kuchanganya na petroli. Ila kiongezo kipi kinafanya kazi kweli? Uingereza, ambako vilabu viliungana mwaka 1988 na kuunda shirikisho la magari ya kihistoria, shirikisho hilo lilihangaikia upimaji wa viongezo kwa niaba ya wote. Na petroli ya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ilipoingia vituoni huko Septemba 2021, walikuwa tayari na ushauri kuhusu mipira na mirija inayoweza kuharibiwa na ethanoli. Hapa kila mmoja alijitafutia, na wengi walijua vali zimezama pale gari liliposhindwa kupanda mlima.

Hata kimataifa mlango ni mmoja. FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likifika angalau miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali yake halisi. Kila nchi hupewa chama kimoja cha kuiwakilisha. Hawawezi kupokea barua kumi kutoka makundi kumi ya Nairobi yasiyosalimiana.

Najua pingamizi kubwa linatoka wapi, maana nimelisikia nikiwa nimekaa katikati yake. Wenye magari halisi hawataki kukaa na wenye magari yaliyobadilishwa. Land Rover yenye injini ya dizeli ya Toyota inawachoma macho. Mimi ni mtu wa magari halisi, na bado nadhani wamekosea. Injini zile ziliwekwa na wakulima, mapadri na wenye maduka waliohitaji kufika walikokuwa wakienda, na ndizo zilizoziokoa bodi na chesi zisiishie kwa wauza vyuma chakavu. Kenya hairuhusu kuagiza gari la mitumba lililozidi miaka 8, hivyo magari ya zamani tuliyonayo ni karibu yote tutakayokuwa nayo. Kwenye mashindano yatengewe kundi lao. Kwenye orodha ya vipuri tuwe pamoja, tena mara nyingi ni wao wenye ile injini ya asili, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, haina kazi.

Tukishajipanga sisi kwa sisi, natamani tuvuke mpaka wa Namanga kuingia Tanzania. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Oktoba 2024 Land Rover zilifurika Arusha kwa tamasha lao. Ziko zinazofanyiwa kazi kila siku, na penye gari la kazi pana fundi. Huenda kijana ninayemtafuta yupo Arusha tayari, na huenda fundi wa huko anatafuta kitu kilicholala kwenye mkebe Buruburu.

Jumamosi iliyopita tulikutana watu sita kutoka makundi matatu, sebuleni kwa mzee wa Morris. Mama wa nyumba alituletea chai na mandazi, na tuliandika kwenye daftari la kawaida la shule hadi jioni: vipuri, namba zake, vipo kwa nani. Tulijaza kurasa kumi na nne. Mwenye Beetle aligundua kwamba mwenye Peugeot ana vyombo vya kusafishia kabureta ambavyo yeye alikuwa akiviazima kutoka Nakuru. Daftari linakaa kwa mzee, na anayetaka kuandikisha vyake anakaribishwa Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana.