Watu watano wa Mbagala wanatosha kubadilisha tovuti ya mikopo?

Kuna ubishi naukuta karibu kila ofisi hapa Dar inayotaka kurekebisha tovuti yake ya mambo ya hela. Dizaina anasema tukae kwanza na wateja tuone wanakwama wapi, bosi anasema muda hakuna na bajeti hakuna, wenzetu washatoka na tovuti mpya, we chora tuendelee. Mi hii ndo kazi yangu na niko upande wa dizaina, ila bosi nae ana hoja na sisi wa fani huwa tunaipita haraka mno.

Kweli kabisa, sio kila kitu kinahitaji utafiti. Watu washazoea huduma za pesa kwa simu, M-Pesa tu iko nchini tangu 2008, ukifuata mpangilio walioushika vidoleni kazi nusu imeisha. Alafu kuna vitu havipigiwi kura, mfano ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa meseji inakera lakini inamlinda mteja, huwezi kuitoa eti kwa sababu watu watano wamelalamika.

Na hao watano wenyewe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 kunatosha kuibua kama asilimia 85 ya matatizo, na hapa mjini watu wanaikariri hiyo bila kuangalia hesabu ilikotoka. Yeye alichukulia kwamba mtu mmoja anakutana na tatizo lolote kwa wastani wa asilimia 31. Sasa chukua tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10, ukiwa na watu watano uwezekano wa kuliona hata mara moja ni asilimia 41 tu, na kwenye hela mtu mmoja kati ya kumi ni wengi sana.

Lakini angalia upande wa pili. Kampuni moja ya mikopo midogo niliyofanya nayo kazi ilijaribu tovuti yake kwa wafanyakazi wake wenyewe pale Posta, wote wakamaliza bila shida, wakafurahi. Tukaenda Mbagala Rangi Tatu na watu watano, mama lishe, dereva boda, wauza mitumba, kazi ni moja tu: unataka mkopo wa laki tano, tafuta rejesho la wiki ni shilingi ngapi. Watatu waliona palipoandikwa "Bidhaa Zetu", ambako ndo mikopo ilikuwa imewekwa, wakapapita, mmoja akaniambia kaka mi sinunui kitu nataka mkopo. Pale Posta neno hilo halikumsumbua mtu kwa sababu wanalisema kila siku kwenye vikao. Alafu ikafika namba ya NIDA, tarakimu 20, nani anaikumbuka kichwani, mama kainuka kutafuta kitambulisho kwenye pochi, anarudi ukurasa umeshamtoa na fomu yote imefutika. Hilo huhitaji watu mia kuliamini.

Ugumu ni kwamba ukimuuliza mtu ameionaje atakwambia ipo vizuri tu, umempa soda na nauli atakusema vibaya vipi? Kwa hiyo mi siulizi, naangalia kidole kinasita wapi. Na natumia akaunti ya majaribio, sio salio lake mwenyewe, maana kurekodi skrini yenye taarifa za mtu bila ridhaa ni kugombana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria salio la mtu ni siri yake.

Kama hela ya majaribio inatosha watu kumi basi usiwaite wote siku moja, watano, rekebisha, watano wengine.

Kinachoniuma ni pale jaribio linaposema kitu ambacho ofisi haitaki kusikia. Wote watano waliuliza jumla narudisha ngapi, tovuti ikawa inawaonyesha riba ya mwezi kwa asilimia. Ofisi ikasema jumla inatisha wateja na watu watano ni wachache kuamulia jambo kama hilo, wakati kuhusu "Bidhaa Zetu" watatu tu walitosha! Jumla ikawekwa ukurasa wa mwisho, baada ya NIDA. Mi bado nasema ikae ukurasa wa kwanza, pembeni ya kile kiasi anachoomba.