Mkrismasi haukatwi kichwa

Juzi nimekuta mkrismasi wa kijiweni kwetu, ule mti mpana wa maua mekundu ya Desemba, umebaki gogo na visiki vitatu. Novemba hii! Wiki chache tu kabla haujawaka. Bodaboda wamefunga turubai la bluu kwenye hivyo visiki, na mama wa chapati kahamia ng'ambo ya barabara, juani.

Kuuliza, najibiwa: "Tumeupunguza, ulikuwa unachafua." Unachafua! Vijani vile vidogo, fagio mbili umemaliza. Na mbadala umeshaletwa, eti mwashoki, ule mti mwembamba unaosimama kama mnara. Kivuli cha mwashoki kinamtosha mtu mmoja, tena akisimama wima.

Maua ya mkrismasi hutoka nchani mwa matawi. Ukifyeka ncha, umefyeka na Krismasi yenyewe. Halafu palipokatwa patatoka maotea, fimbo nyingi zinazorefuka haraka huku zimeshikilia juu juu tu, hazina mzizi ndani ya tawi. Siku upepo wa mvua ukivuma, hizo ndizo zitakazodondokea bajaji ya watu. Na donda kubwa namna ile halifungi upesi. Maji yanaingia, uozo unashuka hadi kwenye shina, kisha mtaitana tena mseme mti ni hatari, uondolewe wote. Mmeuharibu wenyewe, kesi unabebeshwa mti.

Msumeno una wakati wake, nao ni mti ukiwa mchanga. Chagua shina moja liwe kiongozi. Matawi ya chini yaondoe kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu apite bila kuinama. Ukiona shina limegawanyika mawili yenye unene sawa kama manati, toa moja mapema, maana hapo ndipo mti huja kupasuka. Na tawi hukatwa linapoanzia, nje kidogo ya ule uvimbe wa shingo yake. Anayekata katikati ya tawi anatafuta kuni, aseme tu.

Haya, mizizi yake hutambaa juu juu na hupasua kuta. Nakubali. Lakini nani alikutuma uupande ubavuni mwa choo? Mti huu hutanuka kuliko unavyorefuka, uachie mita sita au zaidi kutoka kwenye nyumba. Wale wanaoumwagia zege hadi shingoni kisha wanaupaka chokaa, ati usafi, sina la kuwaambia.

Miche nayo si ya kununua. Asili yake Madagaska, ila makumbi yake yamejaa barabarani, yale marefu meusi ambayo watoto huyafanya kayamba. Pasua, toa mbegu. Ganda lake ni gumu hasa, kwa hiyo sugua upande mmoja kwenye sakafu ya saruji mpaka uone weupe wa ndani, kisha loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Iliyovimba ndiyo ya kupanda. Isiyovimba, sugua tena.

Ukishauhamishia ardhini, umwagilie kiangazi cha kwanza na cha pili, weka nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa. Kiangazi ukipukutisha majani usikimbilie kuung'oa, haujafa. Maua yanaweza kuchukua miaka mitano, hata zaidi. Anayetaka kivuli cha kesho asubuhi aende Kariakoo, miavuli ipo.