Miche Tumeihesabu, Maji Je?

Mvua ndefu zikianza hapa Njoro, hema husimamishwa kando ya mto, spika zinanguruma, na waheshimiwa wanapiga magoti na glavu zao mpya kupanda miche. Idadi inatangazwa, picha zinapigwa, magari yanarudi Nakuru mjini. Mwaka jana nilipita pale miezi mitatu baadaye. Mbuzi walikuwa wamemaliza kazi yao. Katikati ya mto walisimama punda wawili na mkokoteni, na kijana mmoja anachota kwa ndoo akijaza mapipa. Kila akichota, tope linatibuka. Punda mmoja akakojoa palepale, bila haraka. Hatua chache chini mama anasuuza nguo, na ng'ombe wa jirani wanashuka kunywa.

Maji hayo ya mapipa huuzwa mtaani. Nimewahi kuyanunua.

Mto Njoro unatoka msitu wa Mau Mashariki, unapita kando ya Chuo Kikuu cha Egerton na kuishia Ziwa Nakuru, kwa hiyo watafiti hawakuhitaji kwenda mbali. Walipima penye vivuko na wakaona kwamba watu na mifugo wakiingia, tope na vijidudu vya kinyesi hupanda. Dawa yake inajulikana: birika la saruji mbali na ukingo, maji yaletwe kwa bomba, ng'ombe na punda wanywe huko. Shida ni kwamba birika halipendezi kwenye picha.

Miti siikatai. Nauliza mti gani, na wapi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito, kwa kuwa hunywa maji mengi. Tembea kingo za mito yetu leo uone. Na simlaumu mkulima. Kwa mwenye robo ekari, mkaratusi ni nguzo za kuuza na karo ya shule. Ukimwambia aung'oe bila kumpa kingine, unamtafutia ugomvi tu.

Kanuni za maji za 2007 nazo zilisema ukanda usiolimwa kando ya mto uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 wala usizidi 30. Kijito chembamba kama chetu kinaangukia kwenye zile 6, shamba liwe tambarare au liwe mteremko unaomwaga udongo wote majini mvua ikipiga. Wataalamu wanajua kwamba mteremko na aina ya udongo ndivyo vinavyoamua ukanda upi utazuia tope. Futi kamba ya serikali haijui.

Mwezi uliopita nilimchukua mpwa wangu tukageuza mawe mtoni, tukamwaga tulichopata kwenye beseni jeupe. Juu, karibu na msitu, tulipata watoto wa kereng'ende, na pia vidudu vyenye mikia mitatu, ambavyo vingi havistahimili uchafu. Pale kivukoni, vifunza vyekundu tu, wale wanaoishi hata hewa ikiwa haba majini. Saa moja, gharama sifuri. Kaunti ingefanya hivyo kabla ya kupanda, na tena mwaka baadaye, kisha ndipo itoe pesa za msimu unaofuata.

Hema likirudi Aprili nitakwenda na beseni langu.