Wimbi, chungu na anayeshika kipimo

Zamani kule Kakamega, mtu aliyetaka shamba lake lipaliliwe kwa siku moja hakutafuta pesa kwanza, alitafuta wimbi. Mkewe aliliroweka likachipua, akalianika na kulisaga likawa kimea. Unga wa mahindi uliokwisha kuchachuka ulikaangwa juu ya bati mpaka ukawa wa kahawia, ndipo vyote vikatiwa maji. Majembe yakiwekwa chini, wazee walizunguka chungu cha busaa, pombe hiyo ya wimbi na mahindi, kila mmoja na mrija wake.

Mirija kama hiyo imechongwa kwenye mihuri ya Mesopotamia, Iraki ya leo, ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mwaka 1953 mtaalamu wa mimea Jonathan Sauer aliuliza: je, binadamu alianza kulima nafaka kwa ajili ya bia, wala si mkate? Wanaokubali huelekeza kidole pango la Raqefet, Israeli, palipopatikana dalili za pombe ya nafaka ya miaka kama 13,000, kabla ya kilimo. Mimi bado nasita. Kwamba watu walikunywa, sawa. Kwamba walishika jembe kwa sababu hiyo, bado. Njaa huja kila siku, sherehe huja kwa msimu.

Kwenye ujira ndipo sina ubishi. Vibao vya udongo vya Sumer, huko huko Mesopotamia, maandishi ya kale mno, vimejaa hesabu za posho ya bia, na wajenzi wa piramidi za Giza walilishwa mkate na bia. Lakini Kakamega mwenye shamba alikunywa na wapalilizi wake, na wiki iliyofuata akapalilia kwao. Huko Sumer karani alipima, akaandika, basi.

Karani huyo hajatuacha. Mkoloni alimzuia Mwafrika wa Kenya kununua bia ya chupa hadi 1947. Mwaka 2004 ikaja Senator, bia ya bei nafuu iliyopunguziwa ushuru ili wanywaji waachane na pombe haramu. Ushuru ulipopandishwa 2013, mauzo yakaporomoka. Mkulima wa mtama anayeuzia kiwanda cha Kisumu kinachopika bia hiyo hupanda akiangalia bajeti ya Nairobi kama anavyoangalia mawingu.

Sitaki kuupamba uchochoro wa pombe ya kienyeji. Busaa imelipa karo za watoto wengi, na imenywa karo za wengine wengi, wakati mwingine kwenye boma lile lile. Huko nako yupo mwenye kipimo, amesimama na kopo la Kasuku mkononi, na hakuna anayemwita mama pika. Anaitwa mama pima.