Beit al Ajaib: turudishe ipi?

Tangu sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Masultani lililoko Forodhani, Mji Mkongwe, Unguja, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, mabishano ya namna ya kulijenga upya yamebaki yale yale. Kuna wanaotaka mawe na chokaa kama zamani, wakikumbusha kwamba Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Kuna wanaotaka zege na nondo, yaishe.

Tatizo ni hiyo "zamani". Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga jumba mwaka 1883 kwa kuta za mawe ya matumbawe, ila boriti za mikoko hazikumtosha: boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vingi vya mjini ni vyembamba. Akatia mihimili ya chuma, akazungusha mabaraza juu ya nguzo za chuma cha kusubu. Na mnara wa saa ulioanguka si wake. Wa kwanza ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Huu ulibandikwa mwaka uliofuata.

Chuma ndani ya ukuta wa chokaa, mita chache kutoka baharini, ni ugonjwa wa kungoja. Paa likivuja, mhimili hushika kutu. Kutu huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani. Fundi akiziba ufa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, lipu ikabanduka mabamba kwa mabamba.

Wa zege wana hoja: chokaa ni kazi ya subira. Huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa ndani ya shimo kwa wiki nyingi, ndipo fungu 1 lichanganywe na mchanga mafungu 3, usiwe wa pwani. Lipu hupigwa tabaka jembamba na kulowanishwa lisikauke upesi. Lakini nondo nazo hushika kutu kwa chumvi ile ile, tena zikiwa zimefichika.

Kwa hiyo kuta ziwe za chokaa, bila ubishi. Mihimili iwe ya chuma kisichoshika kutu. Hapo hakuna uhalisi unaopotea, kwa kuwa Barghash naye alinunua chuma cha wakati wake. Mnara ndio wa kujadiliwa, na ukirudi usimame kwa msingi wake wenyewe, usitwishwe kuta.