Kubadili kazi si kupotea njia

Ndugu mwandishi, kusema vijana wanaohamahama kazi hawana malengo hapo umetuonea sana. Wangari Maathai alisomea baiolojia, akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, 1977 akaanza mambo ya kupanda miti na akina mama mpaka Nobel 2004, sasa huyo naye alipotea?? Mimi nilisomea uhasibu, nikauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, saa hizi ni fundi wa kutengeneza cherehani na nikisikia tu mashine inavyogonga najua kama sindano imepinda ama bobini ya uzi wa chini imekaa vibaya. Hesabu zangu naweka mwenyewe, na wale wa mitumba ndio wananiletea kazi. Mamangu bado anauliza ofisini nitaingia lini, namwambia mama, hapa nimetosheka kabisa.